Je, Wajua? Povu Linalogeuka Kauri

Je, wajua kwamba silikoni ile ambayo fundi huiminya kuzibia kingo za sinki ina ndugu wa ukoo mmoja wanaoweza kuingizwa kwenye tanuri la nyuzijoto 1,000 na wasiishie kuwa majivu? Wakichomwa mahali pasipo na oksijeni, hutoka wakiwa kauri nyeusi, ngumu, isiyoyeyuka. Na kama kabla ya kuchomwa walikuwa wameumuliwa wakawa povu, hutoka wakiwa povu vilevile, vitundu vyao vikiwa mahali pake, ila sasa ni povu la kauri.

Kazi inayolisubiri povu hilo ni kubeba vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko wa kikemia bila vyenyewe kuisha. Mbolea ya naitrojeni, petroli, asidi iliyo ndani ya betri ya gari: vyote hivyo hupitia kwenye kichocheo kabla ya kutoka kiwandani. Na kichocheo, hasa kikiwa cha madini ghali kama platini, hakiwekwi rundo. Chembe zake za nanomita chache hupandikizwa juu ya kitu kingine kinachozibeba, ili kila chembe ikutane na gesi nyingi kadiri iwezekanavyo. Huyo mbebaji ndiye tunayemfuata leo.

Je, wajua kwamba aliyeitenga elementi ya silikoni kwa mara ya kwanza na aliyelipa jina tukio la uchochezi ni mtu mmoja? Ni Jöns Jacob Berzelius wa Sweden. Silikoni aliipata mwaka 1824. Mwaka 1835 aliona kwamba majaribio mengi yaliyotawanyika ya wanakemia wenzake yanaelekea jambo moja, akalitambulisha jambo hilo kwa jina ambalo sayansi inalitumia mpaka sasa. Ilichukua zaidi ya karne moja na nusu kwa mambo yake hayo mawili kukutana ndani ya povu moja.

Silikoni haina uhaba. Ni elementi ya pili kwa wingi katika gamba la dunia, takriban asilimia 28 ya uzito wake, na iliyo mbele yake ni oksijeni peke yake. Majabali ya Mwanza yamejaa silikoni, na mchanga wa mtoni ndiyo usiseme.

Lakini mchanga hauumuki. Ndani yake kila atomu ya silikoni imeshikwa na oksijeni pande zote nne, na mshiko huo haulegei mpaka joto lifike karibu nyuzi 1,700. Siri ya polima za silikoni ni kwamba baadhi ya mikono hiyo minne imepewa vikundi vya kaboni na haidrojeni. Uti wa mgongo unabaki silikoni na oksijeni kwa kupokezana, ila vikundi vya pembeni havimshiki jirani, na kwa hiyo kitu kizima huwa mafuta, utomvu, gundi au mpira, kulingana na mikono mingapi imefungwa na mingapi imeachwa huru.

Frederic Kipping wa Nottingham, Uingereza, alizichunguza polima hizi kwa takriban miaka 40. Alitaka fuwele safi. Mara nyingi alipata utomvu unaonata. Alipotoa mhadhara wake wa mwaka 1937 hakuona kama zingefika mbali nje ya maabara. Miaka mitatu tu baadaye, Mei 1940, Eugene Rochow wa kampuni ya General Electric nchini Marekani alipitisha gesi ya kloridi ya methili juu ya silikoni iliyochanganywa na shaba, kwenye joto la nyuzi 300 hivi, akapata malighafi ya polima za silikoni kwa njia rahisi. Nchini Ujerumani, Richard Müller aliifikia njia hiyohiyo bila kujua habari za Rochow. Mpaka leo viwanda vya dunia vinaitumia.

Shaba katika jaribio hilo ilikuwa kichocheo. Na hapa kuna jambo linalonifurahisha kila ninapolifikiria: nyenzo hii hukutana na vichocheo mara tatu maishani mwake. Shaba huizaa. Kisha platini au bati huikaza, ikatoka kuwa ute na kuwa kitu kigumu. Mwishoni, ikishakuwa kauri, yenyewe huwabeba nikeli, kobalti au rutheniamu waende kufanya kazi.

Kuhusu kukaza: harufu ya siki unayoisikia fundi anapoziba sinki ni siki kweli, yaani asidi ya asetiki. Unyevu wa hewani unazifungua ncha za minyororo, asidi inatoka, na minyororo inashikana.



Je, wajua kwamba mafuta ya kawaida ya silikoni ukiyachoma bila hewa hukutoroka? Mnyororo ulionyooka hujikunja, hujikata vipande vya pete ndogondogo, na pete hizo hupaa zikiwa mvuke. Tanurini hubaki karibu patupu. Ndiyo maana watengenezaji wa kauri huchagua utomvu uliofungamana kama wavu, ambamo kila silikoni imeshikana na jirani zake kupitia oksijeni tatu. Wavu haupai. Kati ya kilo moja iliyoingia tanurini, gramu 600 hadi 850 hutoka zikiwa kauri.

Safari yenyewe ina vituo. Kuanzia nyuzi 100 hadi 400, minyororo inamalizia kushikana. Kati ya 400 na 800 ndipo pilikapilika zinapokuwa kubwa: vikundi vya kaboni na haidrojeni vinakatika, na gesi za methani na haidrojeni zinamiminika nje. Ikifika nyuzi 1,000 mambo yametulia. Kilichobaki ni kioo cheusi kiitwacho oksikabidi ya silikoni. Ndani yake silikoni imeshikana na oksijeni na kaboni kwa pamoja, na kaboni iliyozidi imejitenga katika vipande vidogo mno, ndiyo inayotia weusi. Ukiongeza moto kupita nyuzi 1,400 au 1,500, oksijeni huanza kutoka ikiwa gesi ya monoksidi ya kaboni, na kauri huelekea kuwa kabidi ya silikoni.

Na ukiichoma kwenye hewa ya kawaida? Kaboni yote inaungua, unabaki na silika nyeupe. Kwa hiyo tanuri hujazwa argoni au naitrojeni.

Kabidi ya silikoni tunaijua sote, hata kama si kwa jina. Ndiyo ile punje nyeusi inayong'aa kwenye msasa na kwenye mawe mengi ya kunolea. Edward Acheson, Mmarekani, aliigundua mwaka 1891 alipokuwa akipitisha umeme mkali kwenye mchanganyiko wa udongo na kaboni. Baadaye Henri Moissan wa Ufaransa aliikuta ndani ya kimondo kilichoanguka Arizona. Ni nyenzo imara ajabu, ila kuifinyanga ni taabu: unga wake unataka joto la nyuzi 2,000 hivi ndipo punje zishikane. Njia ya polima inafika kwenye kauri ya aina hiyo kwa nyuzi 1,000 hadi 1,400, na kabla ya hapo unaweza kuimimina, kuivuta, kuipaka au kuiumua upendavyo.

Aliyeionyesha dunia nguvu ya njia hiyo ni Seishi Yajima wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani. Mwaka 1975 alichukua polima yenye silikoni na kaboni, akaivuta ikawa nyuzi nyembamba kuliko unywele, akazichoma zikawa nyuzi za kabidi ya silikoni. Wajukuu wa nyuzi zile wamo leo ndani ya injini za ndege aina ya LEAP, zilizoanza kubeba abiria mwaka 2016, katika sehemu inayozunguka mapanga ya tabo ambako chuma hushindwa na joto. Boeing 737 MAX 9 ya Air Tanzania inaruka na injini za ukoo huo.

Kwa nini nyuzi, na si matofali? Sasa tumefika mahali ambapo kwa maoni yangu ndipo ulipo uzuri wote wa jambo hili.

Kumbuka ile gesi. Polima ina uzito wa gramu moja hivi kwa kila sentimita ya ujazo. Kauri inayotokana nayo ina gramu 2.2, na ikiwa kabidi kamili, gramu 3.2. Maana yake kitu lazima kinywee. Kipande cha sentimita 10 hutoka kikiwa na sentimita 7 au 8 kila upande, na karibu nusu ya ujazo wake au zaidi imepotea. Wakati huohuo gesi inatafuta njia ya kutoka. Katika kipande kizima chenye unene unaozidi milimita chache, gesi ya katikati haifiki nje kwa wakati. Inajaa, inasukuma, na kipande kinapasuka. Kwa miaka mingi kikwazo hicho kiliifungia njia ya polima kwenye nyuzi, utando wa kupaka na vitu vyembamba.

Povu linakitatua kikwazo hicho kwa umbo lake tu. Kuta zinazotenganisha kitundu na kitundu ni nyembamba, sehemu ndogo ya milimita, kwa hiyo hakuna molekuli ya gesi iliyo mbali na mlango. Bonge la povu lenye upana wa kiganja hutoka tanurini likiwa zima, ilhali tofali dogo la polima ileile hutoka vipande. Ni nadra sana katika ufundi kukuta kitu ambacho kukitoboatoboa ndiko kunakokiokoa, na ninaona ajabu kwamba hili halisemwi zaidi.

Peter Greil wa Erlangen, Ujerumani, aliutafutia mnyweo dawa nyingine katika miaka ya 1990: changanya utomvu na unga wa metali kama titani. Metali hiyo, ikishika kaboni na naitrojeni iliyomo tanurini, huvimba. Uvimbe wake unafidia mnyweo wa polima, na kitu kinatoka karibu na kipimo kilichoingia nacho.

Je, wajua kwamba povu la kwanza lililovuma la namna hii lilitumia kemia ya godoro? Mwaka 1999 Paolo Colombo na Michele Modesti, nchini Italia, waliuyeyusha utomvu wa silikoni pamoja na viungo vya poliyurethani, yaani sponji ileile ya magodoro. Viungo hivyo vilipokutana viliumuka na kuubeba ule utomvu wa silikoni ndani yake. Tanurini poliyurethani iliungua ikaondoka, na kilichosalia ni povu la oksikabidi ya silikoni lenye gramu 0.1 hadi 0.4 tu kwa sentimita ya ujazo.

Sponji ilikuwa imeshatumika kwenye kauri tangu zamani. Hataza ya Marekani ya mwaka 1963, ya Karl Schwartzwalder na mwenzake, inaeleza namna ya kuichovya sponji kwenye uji wa kauri, kuikamua, kuikausha na kuichoma. Mapovu ya namna hiyo ndiyo yanayochujia alumini na chuma kilichoyeyuka viwandani. Yana kasoro moja: sponji ikishaungua huacha tundu katikati ya kila kijiti cha povu, na vijiti vyenye uwazi ndani huvunjika upesi. Povu la polima lina vijiti vilivyojaa, na kwa uzito uleule huhimili mzigo zaidi.

Njia nyingine za kuweka vitundu ni nyingi, na kila moja ina akili yake.

Kuna utomvu unaojiumua wenyewe. Ukiupasha mpaka karibu nyuzi 270, hatua yake ya kukaza inatoa maji na ethanoli, na mvuke wa hivyo viwili unauvimbisha ukiwa bado laini. Hakuna hamira iliyoongezwa.

Kuna kushindilia gesi ya kaboni dioksidi ndani ya polima kwa shinikizo kubwa kisha kuliachia ghafla. Young-Wook Kim wa Chuo Kikuu cha Seoul, akishirikiana na Chul Park wa Toronto, alipata kwa njia hiyo vitundu zaidi ya bilioni moja ndani ya sentimita moja ya ujazo.

Kuna kuchanganya utomvu na vidonge vidogo vya akriliki, ile plastiki inayong'aa kama kioo. Vidonge huyeyuka na kupaa, mahali pake panabaki wazi, na ukubwa wa kitundu ni ukubwa wa kidonge ulichochagua dukani.

Na kuna kugandisha. Polima huyeyushwa ndani ya kimiminika kama saikloheksani, kisha mchanganyiko hupozwa upande mmoja. Fuwele za kimiminika zinakua kuelekea upande wa pili huku zikiisukuma polima kando. Ukiziondoa fuwele unapata vichochoro vilivyonyooka kutoka upande hadi upande. Maabara ya Katherine Faber, Caltech, Marekani, imeikuza sana njia hii. Mimi ndiyo niipendayo kuliko zote, kwa sababu umbo la fuwele ndilo linaloamua umbo la kichochoro: badilisha kimiminika, na kauri inabadilika.

Je, wajua kwamba kitundu kikubwa na kitundu kidogo havigombanii kazi moja? Vikubwa, vya sehemu za kumi za milimita, ni barabara. Gesi inapita humo kwa wepesi. Vidogo, vya nanomita chache, ndiyo karakana zenyewe, kwa sababu eneo la uso liko kwenye udogo. Povu lenye barabara tu lina uso mchache mno wa kupandikizia kichocheo. Unga wenye karakana tu una uso tele, lakini gesi ikisukumwa kwenda upande wa pili inachoka njiani. Mbebaji mzuri anataka vyote viwili ndani ya mwili mmoja.

Vidogo hivyo vina tabia ya ukaidi. Polima ikifika nyuzi 500 au 600, gesi zinapotoka huacha matundu madogo kupita kiasi, na gramu moja inaweza kuwa na uso wa mita za mraba 500, zaidi ya uwanja mzima wa mpira wa kikapu. Ukiendelea kupasha kupita 800, kuta zinalegea, matundu yanajifunga, na uso wote huo unatoweka. Mtengenezaji analazimika kuchagua: nguvu kamili ya kauri, au karakana zilizofunguka.

Michaela Wilhelm na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bremen wamechagua kusimama katikati kwa makusudi. Wanasimamisha moto kati ya nyuzi 400 na 700, ambapo kitu si polima tena wala hakijawa kauri. Faida yake ni ya kipekee: kwa kupanga joto la kusimama wanaweza kuamua kama uso utayapenda maji au utayakataa. Kwa kichocheo jambo hilo ni zito, maana mara nyingi maji yanayozaliwa katika mmenyuko ndiyo yanayokaa kwenye nafasi za kazi na kuzuia wengine.

Wapo wanaochukua njia kali zaidi. Wanaichoma kauri mpaka mwisho, kisha wanailoweka kwenye asidi ya haidrofluoriki. Asidi hiyo inazila sehemu za silika peke yake, na kuacha kiunzi cha kaboni na kabidi kilichojaa matundu. Asidi yenyewe ni hatari mno kwa mwili wa binadamu. Si kazi ya karakana isiyo na vifaa.

Watafiti wa Ujerumani na Italia, miaka ya 2004 na 2005, walikuja na jibu jingine: walikuza fuwele za zeolaiti moja kwa moja kwenye kuta za povu. Zeolaiti ni madini yenye vichochoro vya ukubwa wa molekuli, na kusafishia petroli bila hayo siku hizi hakufikiriki. Povu likawa barabara, zeolaiti zikawa karakana.

Sasa tuingie gereji. Kile kifaa kilicho kwenye bomba la moshi la gari ambacho mafundi wa Tanzania hukiita masega ni kauri iliyobeba platini, paladi na rodi. Rodney Bagley, Irwin Lachman na Ronald Lewis wa kampuni ya Corning ndio waliokipa umbo lake katika miaka ya 1970, na magari mapya ya Marekani yakaanza kufungwa vifaa hivyo kwa toleo la 1975. Masega ya kawaida yana vijia vilivyonyooka, 60 na ushee kwa sentimita ya mraba. Ni kazi bora. Lakini kila kijia kiko peke yake: gesi iliyoingia kushoto inatoka kushoto, na haikutani na ya kulia. Ndani ya povu gesi inapinda, inagongana, inachanganyika upya kila hatua, na kila molekuli inapata nafasi nyingi zaidi za kukutana na ukuta. Malipo yake ni kwamba povu linaikaba gesi zaidi kuliko masega.

Viwandani mshindani wa povu ni mwingine: pipa lililojazwa vidonge vya kauri. Nafasi wazi kati ya vidonge ni asilimia 40 hivi. Katika povu ni 80 hadi 90. Pampu inayosukuma gesi inaihisi tofauti hiyo saa zote 24.

Je, wajua kwamba joto ndilo linaloua vichocheo vingi? Kugeuza kaboni dioksidi na haidrojeni kuwa methani, mmenyuko uliompa umaarufu Paul Sabatier wa Toulouse, hutoa kilojuli 165 kwa kila moli. Mahali pamoja pakipata moto kupita kiasi, chembe za nikeli zinasogeleana na kuungana, uso unapungua, na kazi inadorora. Upande wa pili, kutoa haidrojeni kwenye methani kwa mvuke kunameza kilojuli 206 kwa moli, na hapo tatizo ni kulifikisha joto ndani. Kwa kazi zote mbili mbebaji anayepitisha joto vizuri ni mali. Kabidi ya silikoni inalipitisha vizuri sana.

Hapa lazima niwe mkweli kuhusu oksikabidi, kwa sababu sifa za ndugu yake mara nyingi hupewa yeye. Oksikabidi ya silikoni ni kioo, na joto hupita ndani yake kwa shida. Anayetaka povu la kusambaza joto hana budi kuchoma zaidi au kuanza na polima isiyo na oksijeni.

Polima isiyo na oksijeni ndiyo waliyoitumia Paul Kenis wa Chuo Kikuu cha Illinois na Dong-Pyo Kim wa Korea Kusini. Walipanga tufe ndogondogo zikabanana, wakamimina polima ijaze mianya, wakachoma, kisha wakaziondoa tufe. Kilichobaki ni kauri yenye matundu ya mviringo yaliyounganika yote. Wakaipaka rutheniamu, na mwaka 2006 walionyesha inavyoivunja amonia kuwa naitrojeni na haidrojeni kwenye joto ambalo chombo cha metali kingehangaika. Zaidi ya asilimia 17 ya uzito wa amonia ni haidrojeni, na amonia husafirishwa kwa meli na malori kila siku. Ndiyo maana wengi wanaiona kama njia ya kuibeba haidrojeni.

Kichocheo pia kinaweza kuzaliwa pamoja na mbebaji wake. Chumvi ya nikeli huchanganywa na utomvu tangu mwanzo. Tanurini, kaboni na haidrojeni inayotoka kwenye polima huinyang'anya nikeli oksijeni yake, na chembe za metali zinajitokeza zikiwa zimeshikiliwa na ukuta, hazitangatangi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kundi la Erlangen lilionyesha kwamba nikeli hiyo haisubiri hata povu likamilike: inaanza kuchochea palepale tanurini, ikitumia methani ya polima kukuza mirija ya kaboni ya nanomita ndani ya vitundu. Taabu yake ni kwamba chembe zilizozama ndani ya ukuta uliofungwa hazifikiwi na gesi yoyote, na metali hiyo imepotea bure.

Je, wajua kwamba Bonde la Ufa lilikuwa na wabebaji wa vichocheo kabla ya maabara yoyote? Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya, huchimbwa diatomaiti: miamba mieupe, myepesi, iliyotokana na magamba ya viumbe vidogo vya majini vilivyojijengea nyumba za silika zenye vitundu vilivyopangwa safu kwa safu. Hapohapo Louis Leakey alifukua mashoka ya mawe ya watu wa kale mwishoni mwa miaka ya 1920. Diatomaiti, popote ichimbwapo, ina historia ndefu katika uchochezi. Kobalti iliyotengeneza mafuta kutokana na makaa ya mawe nchini Ujerumani katika miaka ya 1930 ilibebwa nayo. Vanadi inayotengeneza asidi ya salfuri hubebwa nayo mpaka leo. Alfred Nobel naye aliitumia kunyonya nitrogliserini alipotengeneza baruti yake ya mwaka 1867.

Na pumba za mpunga. Majivu yake ni silika kwa takriban asilimia 90, na ndani ya pumba silika hiyo imechanganyika na kaboni ya mmea kwa ukaribu ambao mashine haiwezi kuuiga. Mwaka 1975 Ivan Cutler na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Utah walionyesha kwamba pumba zikichomwa bila hewa kwa joto kali hutoa kabidi ya silikoni. Mtu aliyeona milima ya pumba nyuma ya mashine za kukoboa kule Mbarali au Mwea anaweza kuelewa kwa nini natamani hili lifanyiwe kazi huku kwetu, na kwa bidii.

Vikwazo vya povu la polima havijaisha. Polima zisizo na oksijeni ni ghali, na nyingine haziwezi kuachwa hewani kwa sababu unyevu unaziharibu. Mvuke nao ni adui: kwenye joto kubwa unaigeuza ngozi ya silika inayoilinda kauri kuwa gesi, na ukuta unaliwa kidogokidogo, jambo baya kwa mmenyuko unaotumia mvuke. Povu pia ni dhaifu likivutwa au likigongwa. Kulifunga ndani ya bomba la chuma, ambalo hutanuka zaidi yake likipata moto, ni ufundi unaojitegemea.

Tangu mwaka 2016 kuna mlango mpya. Watafiti wa HRL Laboratories huko Malibu, California, walitengeneza utomvu wa silikoni unaokazwa na mwanga, wakauchapisha kwa printa ya pande tatu ukawa kimia chenye vijiti na nafasi zilizochorwa kwenye kompyuta, kisha wakauchoma kwa nyuzi 1,000. Kauri iliyopatikana ilistahimili nyuzi 1,700. Kwa kichocheo, maana yake ni kwamba barabara za gesi zinaweza kupangwa moja baada ya nyingine: pana pale gesi inapoingia, nyembamba pale kazi inapokuwa nyingi. Unene wa vijiti, hata hivyo, mchoraji hauamui peke yake. Vikizidi milimita chache, gesi ya katikati hukosa njia na kimia hupasuka tanurini.